Maji ya Adabu katika Nchi ya Usemewe

"Hivi mwenzangu, ukienda hospitali," jirani yangu Bi Kudra aliniuliza siku moja tukichambua mchele, "huwa unaumwa pale panapokuuma, au pale daktari anapokuambia?"

Nilicheka tu, nikamwambia aache kuwachokoza watu waliosoma. Lakini swali lilinibakia. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikwenda kutibiwa ameshika kifua, akarudi na dawa za tumbo, na aliyempokea hakuinua uso hata mara moja. Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Kwa hiyo nilipojaliwa kuingia nchi ya Usemewe, nilijiambia nitatazama jambo moja tu, namna wanavyowatibu wagonjwa wao. Habari za njiani naziacha. Vumbi la huko ni kama la kwetu.

Usemewe ni nchi nzuri, nisiifiche sifa yake. Njia zao zinafagiliwa, mgeni hapiti nyumba bila kuitwa ale, na hospitali yao kuu imejengwa juu ya kilima, nyeupe kama yai. Nikiwa napanda kilima kile nilimwona mwanamume mwenye kifua kipana amebebwa mgongoni na mkewe, mwanamke mwembamba aliyekuwa anatiririka jasho. Yule mwanamume alikuwa anatafuna muhogo wa kuchoma.

"Pole dada," nikamwambia mwanamke. "Mzee amevunjika mguu?"

"Jino," akajibu. "Linamsumbua toka juzi."

"Na miguu je?"

"Miguu yake ina nini?" akaniuliza, akasimama kabisa kunitazama.

"Mbona ana jino bovu na anatafuna muhogo?"

"Natafunia upande mwingine," mume akajibu huko juu mgongoni, na mkewe akaendelea kupanda.

Mbele yao kulikuwa na mzee katika toroli, msichana katika kiti kilichoshikwa na kaka zake, na kijana mmoja aliyechomwa na mwiba kidoleni, amebebwa juu juu na wajomba wanne kama bwana harusi. Nilidhani nimeingia siku ya balaa. Aliyenielewesha ni mwenyeji wangu, Bi Mashavu.

Bi Mashavu alikuwa mfinyanzi, mwanamke wa makamo, mikono yake imara kwa kazi ya udongo na ulimi wake mwepesi kuliko mikono. Jina lilikuwa limebaki peke yake, mashavu yenyewe yalikuwa yameondoka. Macho yake yalikuwa na umanjano ambao siku ya kwanza niliudhania ni mwanga wa taa.

"Huku kwetu," alinieleza, "mzima ni mtu aliyevuka ukumbi wa hospitali kwa miguu yake, bila kushikwa, kutoka mlango wa kuingilia mpaka mlango wa kutokea. Bawabu akimwona amevuka anatangaza, 'Mzima!' Basi, huyo amepona, nafasi yake kwenye benchi anapewa mwingine. Mgonjwa ni yule aliyebebwa. Hakuna mtu wa tatu."

"Hata mwenye jino?"

"Mwenye jino akiingia anatembea, nani atamwamini?"

Nikamwuliza kama yeye mwenyewe haumwi, maana nilimwona akila wali mkavu na kuusukuma mbali mchuzi wa nazi.

"Naumwa kichwa," akasema.

"Kichwa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Panaponiuma ni hapa." Akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia. "Nikila chenye mafuta, panafungwa kama fundo, halafu maumivu yanapanda hadi begani. Lakini nimeshatibiwa kichwa mara nyingi. Kichwa changu sasa hivi ni kizima kuliko cha sultani."

Ili msomaji aelewe, lazima nieleze sheria kubwa ya nchi ile. Katika Usemewe mgonjwa haruhusiwi kumweleza daktari ugonjwa wake. Anayeeleza ni Shahidi. Mashahidi ni watu wenye afya njema, waliochaguliwa kwa afya hiyo, wanavaa mkanda mweupe begani na wanaheshimiwa sana. Wana chuo chao. Nilikitembelea, nikawakuta vijana wanafundishwa kuguna. Mwalimu anaguna, wao wanaitikia, na yule anayeguna kwa huzuni zaidi anapelekwa kwenye hospitali kubwa.

Mgonjwa akiingia mbele ya daktari anapewa kikombe cha maji. Hayo yanaitwa maji ya adabu. Anayatia mdomoni, hayamezi wala hayatemi, anakaa nayo hivyo mashavu yamejaa mpaka Shahidi amalize kusema. Hivyo hakuna mgonjwa anayemkatiza mtu mzima.

Nilimwendea Shahidi Mkuu, Bwana Tamko, nikamwuliza sababu. Alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya kupendeza. Alinikaribisha kwa heshima, akaagiza niletewe chai ya tangawizi.

"Bi Mgeni," akasema, "kwenu mtu akishtakiwa, yeye ndiye anayejihukumu?"

"Hapana."

"Basi. Mgonjwa ana upande. Anaupenda ugonjwa wake, anaukuza, anausimulia kuanzia siku alipozaliwa. Na maumivu yanaharibu akili. Je, utaamini maneno ya mtu ambaye akili yake imeharibika?"

"Lakini yeye ndiye aliyemo ndani ya mwili huo."

"Ndiyo maana haoni," akanijibu kwa upole. "Aliye ndani ya nyumba hawezi kuona paa."

"Ila ndiye anayejua panapovuja," nikasema. Alitabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto, akaniongezea chai.

Kisha akanieleza jambo alilolionea fahari kuliko yote. Mashahidi wa Usemewe hawasemi uongo. Kabla ya kazi wanaapa kwamba hawatataja maumivu ambayo hawajawahi kuyasikia katika miili yao wenyewe, kwa sababu kushuhudia usichokijua ni dhambi. Nilikubali kwamba ni dhambi. Lakini nilipotoka pale nikapita duka la dawa la hospitali, nikaona rafu mbili tu zilizo wazi, zilizobaki zimefungwa kwa kufuli. Moja ilikuwa na chupa za kichwa, nyingine makopo ya mafuta ya miguu. Ndipo nilipoelewa. Watu wale wenye afya, waliokaa juani na kusimama kutwa nzima, katika maisha yao walikuwa wamewahi kuumwa kichwa na kuchoka miguu. Hawakuwa na kingine cha kuapia.

Makaburini pia kuna pande mbili. Huku wamezikwa waliokufa kwa kichwa, kule waliokufa kwa miguu, na baina yao kuna njia iliyopandwa maua. Nikawasomea Fatiha pande zote, nikiamini kwamba Mwenyezi Mungu anajua walichokufa nacho.

Bi Mashavu alipozidiwa, nilimbeba mimi kumpandisha kilimani. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyopenda. Tuliingia kwa Daktari Ngwali, kijana aliyekondeana kwa kazi. Bi Mashavu akapewa maji yake, akavimba mashavu kama zamani, na Shahidi wake akakaa kwenye kiti kilichoelekea kwa daktari. Huyo Shahidi hakuwahi kumwona kabla ya asubuhi ile.

"Mgonjwa wetu anateswa na kichwa," Shahidi akasema, akaguna vizuri sana.

Daktari akachukua chombo cha kusikilizia kifua, akakiweka kwenye kifua cha Shahidi.

"Vuta pumzi."

Shahidi akavuta.

"Toa. Moyo mzuri sana huu."

"Nashukuru, daktari. Nakimbia kila asubuhi."

"Toa ulimi. Haya, ulimi safi. Macho meupe, hayana neno." Akaandika. "Nampa chupa ya kichwa, kubwa."

Nilimtazama Bi Mashavu. Mwanzo mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, na mimi pia nilijikaza. Kisha mkono wake ukaenda chini ya mbavu, uso ukakunjamana, jasho likamtoka, na maji yamo mdomoni, hawezi hata kusema 'aa'. Hakuna aliyemtazama. Walikuwa wanapima macho ya mtu mwingine.

Nilimfuata Daktari Ngwali ukumbini alipotoka kupumzika. "Mwanangu," nikamwambia, "yule mama ana manjano machoni. Mgeuzie uso tu."

Akasimama, akatazama chini. "Mama, mimi nilifundishwa viungo vyote. Ini, figo, nyongo, vyote. Lakini toka nianze kazi sijawahi kuelezwa chochote zaidi ya kichwa na miguu. Nikimgusa mgonjwa kwa jambo ambalo Shahidi hakulisema, nitavuliwa joho na wagonjwa wangu wote watarudishwa majumbani. Nifanye nini?"

"Ukisikia jambo lingine, utaweza kulitibu?"

"Nikilisikia kwa Shahidi, ndiyo. Siku hiyo hiyo." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Kama ni manjano kweli, hana muda mrefu."

Basi hapo ndipo jambo lilipokuwa. Bi Mashavu alikuwa na ugonjwa unaotibika, na daktari anayeujua, chini ya paa moja, na kati yao kulikuwa na kikombe cha maji.

Tulikwenda kukaa kwenye benchi la kusubiri, maana Bi Mashavu alikuwa hawezi tena kukaa nyumbani. Benchi lile ni refu, linakwenda na ukuta mzima wa ukumbi, na wagonjwa hukaa hapo mpaka chupa zao zifanye kazi. Kwa daktari hawasemi, lakini wao kwa wao hawanyamazi. Nilikuwa naswali pembeni, nikimaliza narudi kusikiliza. Kila mtu pale aliujua ugonjwa wa jirani yake kama anavyoujua ugomvi wa nyumba ya pili.

Aliyekaa karibu na Bi Mashavu ni Mzee Ndaro, fundi uashi, mtu wa aibu. Yeye aliandikiwa miguu, kwa sababu Shahidi wake alimwona anainuka kila mara kwenda msalani akadhani ni miguu inayomhangaisha. Tumbo lake la chini lilikuwa limejaa na kukaza, na usiku alikuwa analia kimya kimya.

"Mkojo hautoki, Mzee Ndaro?" Bi Mashavu alimwuliza waziwazi.

"Shemeji, punguza sauti," yule mzee akasema, ingawa hawakuwa na undugu.

"Nipunguze sauti ili nani asisikie? Huyu mwenye jipu la sehemu anayoijua yeye, au huyu wa minyoo?"

Benchi zima likacheka, na mwenye jipu akacheka kuliko wote.

"Unatoka kwa kuombwa," Mzee Ndaro akakiri. "Matone. Kisha unakataa. Na wewe, leo umekula?"

"Nimeonja mchuzi wa nyama tu, kijiko. Wacha weee. Fundo limenipanda mpaka hapa begani, nyuma."

"Linaanzia kulia, chini ya mbavu ya mwisho, siyo?"

"Pale pale." Bi Mashavu akajishika ubavu, kisha akasema kwa utani, "Tazama sasa. Wewe unaujua ugonjwa wangu kuliko Shahidi wangu. Bahati mbaya huna mkanda mweupe."

"Mkanda wanaazimisha mlangoni," akasema wa minyoo. "Mtu mzima yeyote anaweza kuuomba. Binamu yangu aliwahi kushuhudia siku mashahidi walipokuwa na sherehe."

"Mtu mzima," Bi Mashavu akarudia.

Nikamwona anatazama sakafu ya ukumbi, kutoka mlango hadi mlango. Mzee Ndaro naye akaitazama. Ukumbi ulikuwa mpana, na katikati hapakuwa na kitu cha kushika.

"Usifanye," nikamwambia. "Ukivuka wanakutangaza mzima. Unapoteza benchi, unapoteza daktari. Mzima hatibiwi."

"Bi Mgeni, hapa nilipo natibiwa?"

Nilimwuliza tu kama miguu itamchukua.

"Wewe omba Mungu," akasema. "Mimi nitatembea."

Wakati wa wagonjwa kuitwa kwa daktari ulipofika, Bwana Tamko mwenyewe alikuwepo, amekuja kukagua kazi ya mashahidi. Bi Mashavu akainuka. Alifunga khanga yake kiunoni kwa nguvu, juu ya maumivu, kama mtu anayefunga mzigo, akaenda peke yake mpaka mlango wa kuingilia, akageuka. Kisha akaanza kuvuka. Mwanzo alikwenda wima. Katikati ya ukumbi akainama, akasimama, na watu wote wa benchi tukafumbata mikono, maana mtu mmoja angenyoosha mkono kumshika kila kitu kingeharibika. Midomo yangu ilikuwa inasoma dua. Akajikunjua pole pole. Akaendelea, uso umelowa, macho hayaangalii chochote isipokuwa mlango, na alipoweka mguu kwenye kizingiti bawabu akapiga ukelele, "Mzima!"

Bwana Tamko akafurahi. "Mnaona? Chupa kubwa ya kichwa. Hongera mama, nenda nyumbani."

"Siendi," Bi Mashavu akasema, ameegemea nguzo. "Naomba mkanda. Namsemea Mzee Ndaro."

Bawabu akamtazama Bwana Tamko. Bwana Tamko akafikiri, akaona sheria haina tundu la kumzuia. Bi Mashavu alikuwa mzima na ukumbi mzima ulishuhudia. Lakini Bwana Tamko alikuwa na hoja nyingine.

"Shahidi haapi kwa asichokisikia mwilini mwake. Mgonjwa huyu ni mwanamume. Wewe utaapia nini?"

"Bwana Tamko, mimi nimezaa. Uzazi wa pili mkojo ulinifunga siku nzima. Ukitaka nitakueleza ulivyokuwa, lakini naona hapa kuna vijana."

Akaapa, akavaa mkanda. Mzee Ndaro akabebwa na wana wa wagonjwa wenzake mpaka mbele ya daktari, akatia maji mdomoni, akafumba macho kwa haya. Bi Mashavu akakaa kwenye kiti cha Shahidi, akaeleza yote bila kupunguza: matone, kukataa, tumbo la chini lilivyojaa, usiku usio na usingizi. Daktari Ngwali alinyanyua kichwa. Sijui kama nitaweza kuandika uso wake ulivyobadilika. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mtu wa kwao. Akamlaza mzee, akamgusa tumbo, mgonjwa mwenyewe, kwa mikono yake, akamwekea mpira wa mkojo. Sauti ya mkojo ule kwenye beseni ilisikika ukumbi mzima. Haikwisha upesi. Mzee Ndaro alitoa machozi, na maji ya adabu yakamtiririka kidevuni, na hakuna aliyemkemea.

Hapo Bi Mashavu alikuwa ameshaanguka chini ya kiti.

"Mchukueni nje," akasema Bwana Tamko. "Ametangazwa mzima, hana haki ya kulala humu."

"Nje?" nikauliza.

"Nje, Bi Mgeni."

"Bismillahi," nikasema. Nikamtoa nje kwa mlango wa kutokea kama nilivyoagizwa. Nikazunguka naye jengo lote, nikamfunga mgongoni kwa khanga yangu mwenyewe, nikaingia naye tena kwa mlango wa kuingilia, amebebwa. Bawabu akanitazama. Mimi nikamtazama.

"Mgonjwa," akatangaza.

Watu wa benchi wakapiga vigelegele. Bwana Tamko akasema huu ni udanganyifu. Bawabu, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno jingine, akamjibu, "Bwana, kabebwa. Nimwite nani?"

Mzee Ndaro alikuwa ameshashuka kitandani. Ameshika mfuko wake wa mpira mkononi, akavuka ukumbi kwa hatua za mtu anayekagua ukuta alioujenga mwenyewe. "Mzima!" Akavaa mkanda, akaapa. Ujanani boriti ilimwangukia ikamvunja mbavu za kulia, kwa hiyo alijua maumivu ya mahali pale. Bi Mashavu akapewa maji. Nilimshika kichwa yasimpalie.

Mzee Ndaro alisema taratibu. Mahali, begani, mchuzi wa nazi, mchuzi wa nyama. "Na macho yake, daktari, ukimtazama yeye badala yangu, ni ya manjano."

Daktari akamgeukia Bi Mashavu. Akamtazama macho. Akabonyeza chini ya mbavu, mwili wote wa mwanamke ukaruka.

"Maumivu haya," daktari akauliza, "yanakuja na homa na kutetemeka? Au maumivu peke yake?"

Mzee Ndaro akafungua mdomo, akaufunga. Hilo hakulijua. Alikuwa ameapa, na hakuwa mtu wa kubuni. Akageuka kumtazama Bi Mashavu. Daktari akamtazama. Sote tukamtazama, amevimba mashavu, maji mdomoni.

Bi Mashavu akayameza maji.

"Homa ilianza jana," akasema. "Natetemeka mpaka meno yanagongana."

"Daktari," akasema Bwana Tamko, "wewe hukusikia kitu."

Kijana yule hakumgeukia. "Nimesikia," akasema. "Andaeni chumba cha upasuaji. Mama, kingine?"

"Kipo," akasema Bi Mashavu, na akamweleza, na yule daktari akaketi pembeni mwa kitanda akisikiliza, hakuandika kitu, na watu wa benchi waliinuka mmoja mmoja kuja kutazama daktari anayesikiliza, kama watu wanavyotoka nje kutazama mvua ya kwanza.

Alipasuliwa siku ile ile. Katika kifuko cha nyongo yake walikuta vijiwe, na kimoja kilikuwa kimeziba njia. Mimi nilikuwa kwenye mswala wangu nje ya mlango. Daktari alipotoka na kunitikisia kichwa kwamba ni salama, nilisujudu nikabaki chini muda mrefu, na nilipoinuka nilikuta benchi halina mtu. Wote walikuwa kwenye ukumbi. Wa jipu anavuka kumsemea wa minyoo, wa minyoo anangoja kubebwa, yule mwenye kifua kipana na jino lake anatembea kwa miguu yake mwenyewe huku mkewe amekaa kitako, anapunga upepo. Bawabu alikuwa amekauka sauti. Mzima, mgonjwa, mzima, mgonjwa. Duka la dawa likafungua rafu ambazo hata funguo zake zilikuwa zimepata kutu.

Jambo kama hilo halikuweza kuachwa. Baraza la Madaktari likaitwa, na Bi Mashavu, alipopata nguvu za kukaa, akaitwa mbele yake. Mwenyekiti alikuwa bibi mmoja aliyestaafu udaktari, mwenye miwani minene.

Bwana Tamko alitoa hoja kwa sauti yake nzuri. Alisema mwanamke huyu, kwa ushahidi wa kiapo, alikuwa mgonjwa wa kichwa. Ugonjwa wa nyongo haukuwahi kuwepo kisheria, kwa hiyo hakuna aliyeponywa. "Na Baraza likisema ameponywa," akaongeza, "tutakuwa tumekubali kwamba wale wote waliolala makaburini kwetu hawakufa kwa kichwa wala kwa miguu."

Hapo watu wakageuza nyuso kuelekea makaburini, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake pale. Na mimi nilimkumbuka wangu, aliyelala mbali.

"Hawakufa kwa hayo," akasema Mwenyekiti hatimaye. "Nilijua hivyo toka nikiwa kijana kama Ngwali. Bwana Tamko, wewe binafsi umewahi kuugua?"

"Kichwa, Bibi Mwenyekiti."

"Kikali?"

"Cha wastani."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Wazee wa Baraza wakainamiana, wakanong'ona kitambo. Wasemewe ni watu wanaopenda mila zao, hawakutaka kuiua sheria ya zamani kabisa. Wakaamua hivi: mashahidi watabaki, na mikanda yao, na kiapo chao. Watakwenda na mgonjwa kwa daktari, wamshike mkono kama anaogopa. Maji ya adabu pia yatabaki. Ila kuanzia siku ile kikombe atapewa Shahidi, naye atakaa na maji mdomoni mpaka mgonjwa amalize kusema.

"Tuanze na aliyepo," Mwenyekiti akasema.

Bawabu akaleta kikombe. Bwana Tamko alikitazama muda, na nitampa sifa anayostahili, alikuwa mtu wa sheria hata inapomgeukia. Akayatia maji mdomoni. Mashavu yake mazuri yakajaa.

"Sasa, Bi Mashavu," Mwenyekiti akasema, akavua miwani na kuifuta ili amwone vizuri, "hakuna wa kukukatiza. Daktari yupo, Baraza lipo, mji mzima upo mlangoni. Sema lolote ulilonalo. Tutakusikiliza mpaka jioni."

Watu wakajisogeza. Daktari Ngwali akaweka mikono yake magotini. Mimi niliyeujua ulimi wake nikajiandaa, maana alikuwa na maneno ya miaka mingi, na kila moja lilikuwa la haki.

Bi Mashavu alimtazama Mwenyekiti, akawatazama wazee, akamtazama Bwana Tamko na maji yake. Akashusha pumzi. Rangi ya macho yake ilikuwa nyeupe.

"Nimepona," akasema.

Akafunga khanga yake vizuri, akapita katikati ya watu waliompisha, akatoka nje kwenye jua bila kuongeza neno.